Embe, Ukwaju na Ulimi Wangu

Alhamisi, 13 Januari 1955

Rahema, binti yangu, ameniletea daftari kutoka Maua. "Baba," anasema, "hayo maneno yako yaandike humu, masikio ya mama yapumzike." Basi nimeanza. Shule yangu mimi ni chuo cha Kurani na sajini mmoja wa vita ile ya kwanza, aliyenifundisha herufi za Kizungu kwa makofi. Mahali nimekosea, ujue hapo kofi halikufika.

Embe zimefika leo na lori la Barre, kutoka Mitunguu. Kwangu mimi mwaka umeanza leo. Ule ulioanza tarehe moja ulikuwa wa Wazungu na kengele zao.

Jumapili, 16 Januari

Tumepika. Mimi nauza nyama hapa Majengo ya Meru, mbichi na ya kuchoma, tangu Rahema anatambaa. Mbuzi kila mtu anaweza kuchoma. Sosi ninayo mimi. Embe mbivu, na chache ambazo bado zina ukali. Ukwaju wa Mbeere uliolowekwa. Sukari guru, vitunguu, tangawizi, pilipili kichaa, chumvi, karafuu kidogo. Unachemsha polepole mpaka inaanza kutema kama mama mkwe aliyekasirika. Nyama unaipaka mwisho kabisa, ikishaiva. Ukipaka mapema sukari inaungua na mbuzi wako amekuwa mkaa. Wahindi wanaita chatne. Hedimani Kathuri, mkuu wetu wa serikali, anaita uji wa embe, halafu anaomba tena.

Wanja alikuja kumenya embe na mke wangu Mwanamisi. Huyu Wanja ni mtu wa Embu, mama yake wa Kiritiri, na aliolewa huku na marehemu Njura. Sasa yeye na majirani zake serikali imewaweka wote kwenye kijiji kipya, kimezungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na kutoka ni mpaka kamatimu wa langoni aone pasi. Kamatimu ni hawa walinzi wa serikali. Zamani walikuwa na mikuki, sasa wengine wamepewa bunduki na hawalali kwa furaha. Sisi wa Majengo hatuulizwi sana. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, na mama yangu kila mtu alimsema lake, basi serikali haijui initie kikapu gani.

Wanja, ambaye huniita guka, yaani babu, alionja sufuria yangu akakunja uso.

"Guka, hii ni tamu ya watoto."

"Na ya watu wazima iko wapi?"

"Nipe embe zile zimepondeka, nitakuletea."

"Chukua. Ukishindwa utaniita mwalimu."

"Na wewe ukishindwa?"

"Mimi sijawahi kushindwa, muulize huyu bibi."

Mwanamisi akasema, "Ameshindwa kunyamaza tu."

Jumamosi, 22 Januari

Jua. Vumbi. Inzi wengi kuliko wateja.

Jumanne, 25 Januari

Wanja ameleta yake kwenye kibuyu kidogo. Naandika hapa kwa sababu hapa hanioni: imenipita. Asali ameitia badala ya sukari guru, hilo nililijua mara moja. Lakini nyuma ya asali kuna kitu kingine, kinachelewa, kinakuja umeshameza. Nimeonja mara tano nikijifanya sina uhakika.

"Umetia asali," nikamwambia.

"Na nini ingine?"

"Na kiburi."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Guka, ulimi yako imeshiba sifa, haina nafasi."

Nilimuuliza habari za Kivuti, ndugu yake, yule aliyepotea toka mwaka juzi na watu wanasema yuko msituni na wanaopigana na serikali. Kicheko kikaisha. "Kivuti ni nani?" akasema. Nikaomba radhi kwa kumpa embe zaidi.

Jumanne, 1 Februari

Leo dukani tulicheza mchezo wetu. Wananifunga macho kwa leso ya Mwanamisi, kila mtu analeta kitu alichopikiwa nyumbani, naonja, nataja mpishi. Nimetaja wote. Kathuri nikamwambia: "Haya maharagwe ni ya mke wako mdogo, na alikuwa amekukasirikia, maana chumvi ameimwaga kwa mkono wa kushoto." Duka zima likaanguka kwa kicheko. Kathuri naye alicheka. Kwa haki, ni mtu wa kucheka. Hedimani wengine wa siku hizi wakicheka nguo inawachanika.

"Mzee Saad," akasema, "wewe ulifaa kuwa polisi."

"Polisi hawalishwi vizuri," nikamjibu.

Jumapili, 6 Februari

Wanja ameomba embe kikapu kizima, na pilipili. Nikamtania, "Unakula peke yako au mko wawili?" Hakucheka. Nilimpa. Mwanamisi aliniangalia vibaya sana, na mimi nikadhani ni kwa sababu ya embe.

Jumatano, 9 Februari

Soko limefungwa. Wametoa watu wote kuchimba handaki upande wa msitu. Nimekula nyama yangu mwenyewe na kuisifu.

Jumamosi, 12 Februari

Kalamu hii ni nzito leo.

Kathuri alikuja baada ya sala ya alasiri na kamatimu wawili. Walikuwa na matope mpaka magotini, na mimi nikawatania, nikasema viboko wa Tana wamehamia Meru. Walitabasamu. Kathuri akasema, "Mzee, tumechoka, tuchangamshe. Leo tunao mchezo mgumu, huu utakushinda."

Mtu akiniambia hivyo mimi nimekwisha. Nikaivua leso begani kwa Mwanamisi, nikajifunga macho mwenyewe. Yeye alisema, "Baba Rahema, nyama zinaungua," na mimi nikasema ziungue.

Cha kwanza kilikuwa viazi vya kuponda. Nikataja: mama yake yule kamatimu mrefu. Sawa. Cha pili Kathuri akaniwekea ulimini kwa ncha ya kisu. Kilikuwa baridi, kimeanza kuchachuka kidogo. Lakini nilikijua kabla hakijafika kooni! Na furaha niliyoiona, Mungu anisamehe, ilikuwa furaha ya mtoto. Nikapiga meza kwa kiganja.

"Hii si yangu! Mnataka niseme ni yangu, siyo? Watu wote wangesema ni ya Saad. Hii ya Wanja. Ametia asali. Na embe ni zangu, nilimpa mimi mwenyewe Jumapili. Nani mwingine Meru hii angejua? Leteni kigumu zaidi!"

Nikangoja kicheko. Hakikuja. Nikasikia mbuzi mmoja wa jirani akilia.

Nilipofungua leso, mezani palikuwa na kibuyu kidogo kimevunjika shingo, kina udongo mwekundu na majani. Kathuri alikuwa anafuta kisu chake kwenye suruali, polepole, hanitazami. Mwanamisi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sufuria kama mtu aliyeshika maiti.

"Mmeipata wapi?" nikauliza.

"Juu, msituni. Majivu yalikuwa bado ya moto. Watu tumewakosa, tumepata mifupa ya mbuzi na hii." Akavaa kofia yake. "Asante, mzee."

"Hedimani, subiri. Mimi nimezeeka, ulimi umeota nywele. Nilikuwa nafanya mchezo tu."

"Wewe hujawahi kukosa, mzee. Si unatuambia kila siku?"

"Mwanangu, mzee anaweza kukosea."

"Jana ungeweza," akasema. Wakatoka.

Nilitaka kukimbia nimwambie Wanja. Miguu hii ilifika langoni mwa kijiji, ikakuta tayari wanamtoa. Alikuwa ameshika kanga yake kwa meno, maana mikono walikuwa wameifunga. Aliniona. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Jumapili, 13 Februari

Mwanamisi ameweka sahani mbele yangu na kuondoka.

Jumanne, 15 Februari

Nimekwenda kwa Kathuri na paja zima la mbuzi. Paja alilipokea, maneno hakuyapokea. Nikamwambia sosi ile ni ya duka langu, nilikuwa nampa Wanja sifa kwa mzaha, kila mtu ananunua, hata askari, basi yeyote angeweza kuibeba mpaka msituni.

Akafikiri sana. "Mzee, hii ya kila siku tunaijua. Ile ya kibuyu ni ingine, na mimi nimeionja. Lakini ukipika ile ile kwa sufuria yako, nikaionja hapa kwa meza yangu, nitaenda kwa Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu, nimwambie nilichoonja, kwamba hata dukani kwako inapikwa. Sitasema uongo kwa ajili yako. Nitasema ukweli."

"Na yeye mpaka lini?"

"Yuko hapa kambini, wanamhoji. Lori ya kupeleka wanawake kizuizini inaenda mwisho wa mwezi wa tatu. Akipanda hiyo, jina lake liko kwa mkono ya wengine, si wangu."

Basi lazima nipike sosi ya Wanja. Mimi niliyemwita mwanafunzi.

Ijumaa, 18 Februari

Asali ya Kiritiri nimepata. Nimepika. Si yenyewe.

Jumatatu, 21 Februari

Nimeongeza ukwaju. Si yenyewe. Mwanamisi aliuliza, neno lake la kwanza wiki nzima: "Unapika nini kila siku?" Nilitaka kumwambia. Nikaona aibu, nikamjibu, "Napika ndoa nyingine." Akageuka.

Alhamisi, 24 Februari

Nimempelekea Kathuri. Akaonja, akatikisa kichwa. "Hii ni yako ya siku zote, imevaa asali tu." Aliniambia kwa upole. Ningependa angenipiga.

Jumatano, 2 Machi

Embe zinaanza kupungua. Barre anasema Mitunguu zimebaki za juu kabisa, na popo wamezijua.

Jumamosi, 5 Machi

Nimejaribu ndizi mbivu. Nimejaribu mapera. Nimejaribu limau, na gome la mdalasini nililonunua kwa Mhindi, na moyoni nikijua ni upuuzi, Wanja angelitoa wapi gome la mdalasini. Wateja wananiuliza kwa nini sifungwi macho tena. Nawaambia macho yangu yako ghali. Wanacheka, na mimi nacheka nao, mdomo umezoea kazi yake.

Jumatano, 9 Machi

Leo nimefanya ujinga wa pili, na huu hakuna aliyenidanganya.

Nilikwenda kambini. Walinipa ruhusa kusimama kwenye waya kwa sababu nilileta nyama ya askari. Wanja akaletwa. Amekonda, midomo imepasuka, lakini kichwa kiko juu. Askari mmoja alisimama pale pale anatafuna mbavu zangu.

"Guka," akasema, "ulishinda mchezo?"

Nikashika waya.

"Wanja, mwanangu, niambie. Ile sosi yako, nyuma ya asali ulitia nini? Nikijua hiyo mimi..."

Akanikata kwa sauti kubwa, kila mtu asikie. "Sosi gani? Mimi sijui kupika sosi! Huyu mzee amerukwa na akili. Nimewaambia hawa kila siku mimi sijui sosi, na wewe unakuja kuniuliza?"

Askari aliacha kutafuna.

Hapo ndipo nikaona. Mwezi mzima anahojiwa, anakataa kwamba kibuyu ni chake, na mimi nimekuja kumwomba akiri, kwa nia njema, mbele ya askari mwenye mbavu zangu mkononi. Akanigeuzia mgongo. Alipofika kwenye kona ya banda akageuka kidogo, akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto wa mtu aliyevunja chungu, huwezi kumpiga na huwezi kumchukua mkononi.

Nimetembea mpaka nyumbani nikijitukana kwa Kiswahili, Kimeru na Kinyamwezi cha baba.

Ijumaa, 18 Machi

Mawingu upande wa mlima. Mapema mno mwaka huu.

Jumanne, 22 Machi

Mwanamisi amepasuka.

Nilikuwa nakoroga. Alikuja akaushika mwiko, akautoa mkononi mwangu. "Baba Rahema, huna haya? Mtoto wa watu yuko kwenye waya kwa ajili ya mdomo wako, na wewe unaiba chakula chake uuze sokoni?"

"Kuuza? Nani anauza?"

"Mwezi mzima unapika sosi yake!"

Basi nikamwambia. Yote. Habari ya Kathuri, na meza yake, na lori la wanawake. Nilianza kwa mzaha kama kawaida yangu, nikaona mzaha haupandi, nikasema tu maneno kama yalivyo. Yeye akakaa juu ya kinu.

"Na hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Nilikuuliza, nikakuuliza mwenyewe unapika nini, ukaniambia unapika ndoa." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Saad, mimi ninajua anachotia. Tulipika pamoja humu humu jikoni, wewe ukiwa dukani unafungwa macho. Nilikaa kimya nikidhani nikikwambia utakwenda kuimba sokoni."

Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniita Saad.

Akaenda mekoni, akafukua majivu. Embe zilizobaki, zile sita saba zenye maganda magumu, akazifukia nzima nzima na maganda yake ndani ya majivu ya moto, kama wao huko Embu wanavyofukia ndizi. Tukakaa tunangoja. Zikaanza kutoa sauti, zikapasuka, harufu ikapanda ya moshi na ya tunda kwa pamoja. Akazichambua, akazikamua, ngozi nyeusi zikabaki mkononi. Halafu ukwaju, asali, pilipili, chumvi, na tangawizi kidogo. Hakuna karafuu. Hakuna vitunguu.

Nikaonja. Kikaja kile kitu kinachochelewa. Majivu tu! Nimechoma nyama maisha yangu yote, mikono yangu ni majivu matupu, na sikuyajua.

Usiku huu mvua imeanza. Kubwa, ya kupiga bati.

Jumatano, 23 Machi

Njia zote ni tope. Nilitoka kabla watu hawajafungua maduka, nikafika kwa Kathuri nimelowa mpaka mfupa, sosi kwenye chupa ndani ya koti. Alikuwa anakunywa chai. Hakuuliza. Akatia kidole, akaonja. Akatia tena.

Akaweka kikombe chini. "Ni yenyewe."

"Basi twende kwa Bwana Shauri."

Hakuinuka.

"Hedimani, umesema ukionja utasema ukweli. Umeonja. Twende."

"Mzee, kaa chini."

"Sikai."

"Lori imeondoka jana, mchana. Waliona mawingu, wakasema mvua ikinyesha barabara ya Embu itafungika, wakaogopa kungoja mwisho wa mwezi. Wamewapeleka wote." Alikuwa anaongea na chai yake. "Nilitaka kutuma mtu akwambie. Halafu nikasema, nimwambie nini, na hajaleta kitu?"

Jana mchana. Jana mchana embe zilikuwa ndani ya majivu, na mimi na mke wangu tumekaa tunangoja zipasuke, na ule muungurumo uliopita barabarani tulisema ni lori la Barre.

"Utamwandikia?" nikauliza.

"Nitamwambia Bwana Shauri. Nitasema." Kisha akasema, "Mzee, mimi si mtu mbaya."

Nikamwambia hata mimi si mtu mbaya. Tuliangaliana hapo, watu wawili wasio wabaya, na mvua inanyesha.

Chupa niliiacha. Sikutaka kuibeba.

Jumapili, 27 Machi

Mvua.

Ijumaa, 1 Aprili

Mvua. Nilipokwenda kwa Kathuri kuulizia, aliniambia Bwana Shauri amesikiliza, na amesema mambo ya kambi ile hayako mkononi mwake. Chupa yangu niliikuta mezani, tupu, imeoshwa. Mke wake mdogo akauliza kama nitapika nyingine.

Jumamosi, 9 Aprili

Kathuri ameisema sosi ile huko na huko, sijui kwa nia gani. Labda alitaka watu wajue ni ya dukani kwangu, ili siku moja imsaidie Wanja. Lakini watu wamesikia tumbo tu. Barre ameleta embe za mwisho kabisa, na watu wanakuja na bakuli. "Mzee Saad, ile mpya. Ile yako ya moshi." Mwanamisi anapika kwa sababu anasema ikipikwa haipotei, na Wanja akirudi ataikuta. Nyumbani sasa tunaongea. Tunaongea kama watu wanaobeba kitu kizito pamoja, "shika huku", "weka pale".

Jumamosi, 16 Aprili

Wiki ijayo tunafunga, kwa hiyo leo watu wamekula kama wanaohama.

Amekuja Awo, mke wa Barre, mara yake ya kwanza Meru, katoka Isiolo na mumewe. Mwanamke mrefu, mcheshi, anakaa kwenye benchi kama benchi ni lake. Nikamchomea mbavu, nikazipaka mwishoni, zikatoa moshi. Akala ubavu wa kwanza wote. Halafu akainua kichwa.

"Babu, wallahi nimekula nyama Isiolo, nimekula Wajir. Hii nani anapika?"

"Anaitwa Wanja."

"Mwite nimpe mkono."

"Hayupo. Yuko kambini, mbali, huko wanakofungia wanawake."

"Maskini. Nani kampeleka?"

Duka lilikuwa limejaa, na mvua nje, na wote walikuwa wanatafuna. Sikupunguza sauti.

"Mimi. Kwa ulimi huu. Nilijifunga macho, nikaonja chakula chake, nikamtaja."

Awo akanitazama, mfupa uko mkononi. Kisha akapasuka kicheko, akajipiga paja mpaka ushungi ukamteleza. "Barre aliniambia! Aliniambia, ukifika Meru pale Majengo kuna mzee wa mizaha, usiamini neno lake hata moja!" Akafuta machozi kwa kiganja, akaninyooshea sahani. "Haya, babu mwongo. Niongezee."

Nikamwongezea.